Mtu Mmoja kwa Kila Boma

Embu
9 Januari 2005

Wifi Ciakuthii,

Kabla hujaanza kulalamika kwamba nimenyamaza tangu Krismasi, pokea kwanza habari za kwenu. Jumamosi nilifika Siakago nikamwona mama yako. Ni mzima, ameanza kuvuna ndengu, na alinipakia mfuko ambao nusu yake nimeshaimaliza. Aliniuliza kama mtoto wake huko Timau bado analala na soksi. Nikamwambia hata sisi tuliozaliwa huko hulala na soksi, sembuse mtu wa Mbeere.

Sasa yangu. Chuo kimeukubali utafiti wangu. Nitaufanya huko nyumbani, juu ya watu walioumia na waliofiwa trela ya shamba ilipopinduka mwaka jana. Nataka kujua kama ushauri nasaha wa Dada Anab, pale kwenye chumba kando ya zahanati, umewasaidia. Shirika lililomleta Anab limeniomba nakala ya matokeo, kwa sababu mwaka huu wanaamua vyumba gani viendelee. Kwa hiyo si kazi ya kupata cheti tu, wifi. Nikionyesha kwamba chumba kimefaa watu, hawatakifunga.

Nitaandika majina ya wote walioguswa na ajali ile, niyatie kwenye debe na kuyachomoa kwa kura. Hivyo kila mtu ana nafasi sawa ya kuulizwa, anayelia na asiyelia, msemaji na mnyamavu. Mtafiti akichagua watu kwa macho yake huchagua wanaompendeza, kisha huwasemea hata wasiompendeza. Naomba unifikishie habari hizi kwa Mzee Mutugi na wazee wenzake, maana bila ruhusa yao hakuna mlango utakaofunguliwa.

Kaka Mwongera sitamhoji. Ni damu yangu, na sheria za utafiti zinakataza. Lakini niambie wewe, nje ya utafiti, anaendeleaje? Mama nikimwuliza anasema tu, "Yuko." Polisi wenyewe walisema breki zilikataa, lakini aliyeshika usukani alikuwa yeye, nami namjua kaka yangu.

Wifi yako,
Karwirwa


Timau
23 Januari 2005

Wifi msomi,

Barua imefika, ndengu hazijafika. Mungu anakuona.

Nilikwenda kwa Mzee Mutugi na kilo ya sukari, maana habari zako ni ndefu na yeye hasikilizi kitu kirefu bila chai. Alikunywa, akafikiri, akasema: "Huyo mtoto wetu anataka kuokota watu kwa debe kama mbuzi ya kuchinjwa? Mtu amezika mtoto, halafu jina yake inachezewa kura? Hapana. Mwambie kila boma itatoa mtu mmoja. Mtu wa maana, anajua kuongea. Watakuja kwangu siku moja, amalize kazi." Wenzake wote wakaitikia. Nilijaribu kusema neno juu ya nafasi sawa, akaniuliza kama siku hizi wanawake wa Embu ndio wanaosoma dua kwenye vikao vya Meru. Nikarudi zangu.

Kwa hiyo huo ndio ukweli wa huku. Debe lako litumie kuchotea maji.

Kaka yako, Baba Kiende, yuko salama. Analima viazi, anakula. Ijumaa huenda kwa Madam Anab. Hupitia mlango wa nyuma, asikutane na watu wa marehemu pale mbele, na Mama hajui, anadhani ni kikundi cha wakulima. Nakuomba usimwambie. Akirudi siku hiyo huongea na Kiende, hata hucheka naye. Siku nyingine si msemaji sana, lakini kwani alikuwa msemaji lini? Mimi alinitongoza kwa kunichotea maji.

Mwambie mama yangu soksi ni jozi mbili.

Ciakuthii


Embu
11 Februari 2005

Wifi,

Nimelifikiria neno la Mzee Mutugi wiki nzima. Si njia niliyofundishwa. Lakini nikishindana na wazee sitapata mtu hata mmoja, na kwa njia yao kila boma lililoguswa litakuwa na mtu wake. Dkt. Gichovi anayenisimamia amesema inakubalika, mradi nieleze katika kitabu cha utafiti jinsi wahojiwa walivyopatikana. Kwa hiyo waambie wazee nashukuru.

Sitakuja mwenyewe. Wengine walinibeba mgongoni, wataona haya kusema mambo yao mbele yangu. Atakuja mwenzangu, Mwalimu Kathambi, mtu wa Nkubu, mpole, na Kimeru chake ni kile kile chetu. Majina hayataandikwa. Mkae naye vizuri.

Nimefurahi sana habari za Kaka. Usimwache akose Ijumaa hata moja.

Karwirwa


Timau
6 Machi 2005

Wifi,

Kathambi wako alikuja, akala, akaondoka na kuku. Sasa unaweza kulala.

Ungeona siku ile ungedhani ni harusi. Watu walivaa nguo za kanisani. Mama Karambu, yule aliyemzika binti yake, alivaa sweta ambayo hajaivaa tangu msiba, akajipaka mafuta mpaka akang'aa. Wazee walikaa upande wa jua, na Kathambi akapewa kiti chenye kitambaa pale pembeni ya baraza, akawaita mmoja mmoja. Waliongea vizuri, bila kulia, bila kugugumia. Hata Mzee Mutugi alisifu, akasema watu wetu hawajawahi kuaibika mbele ya mgeni.

Wewe usiwe na wasiwasi wowote. Tulishasemezana tangu kisimani kwamba huyu ni mtoto wetu na hakuna atakayemwangusha. Utapita mpaka ushangae.

Mvua bado. Baba Kiende anakusalimia. Nimesema mimi anakusalimia, yeye yuko shambani.

Ciakuthii


Majengo, Meru
18 Aprili 2005

Dada Karwirwa,

Salaam. Kathambi alipita kwangu akitoka Timau, akanieleza furaha yake, nami sikulala vizuri.

Mimi ni mtu wa kusikiliza, si mtafiti, na siwezi kukutajia anayeingia chumbani kwangu. Lakini nikuulize. Watu waliokuja kwa Mzee Mutugi ni akina nani? Kathambi alinieleza jinsi walivyokuwa, jinsi walivyozungumza. Dada, karibu wote hao sijawahi kuwaona kwangu. Ninaowaona mimi ni wengine wa maboma hayo hayo, wale wanaobaki nyumbani wageni wakija. Tena wapo ambao hata kwangu hawafiki, nawasikia tu kwa jirani zao. Na wapo ambao wakionekana mbele ya wazee na wafiwa, kikao kinavunjika.

Hakuna nyumba inayotoa mgonjwa wake mlangoni kumpokea mgeni. Hata sisi hapa Majengo mgeni akija tunamtoa kijana mwenye kanzu safi. Waswahili walisema mficha uchi hazai, lakini wenyewe ndio wanaoongoza kuuficha.

Nakuomba urudi na debe lako, nyumba kwa nyumba, na wazee wasiwepo. Ukichelewa kumaliza, chelewa.

Dada yako,
Anab Ogle


Embu
3 Mei 2005

Dada Anab,

Asante kwa barua yako ya kweli. Nimemwonyesha Dkt. Gichovi. Anasema kila utafiti una mipaka yake, na kwamba mahali pake ni sura ya tano, nami nimeiandika pale: kwamba wahojiwa walichaguliwa na maboma yao wenyewe, kwa hiyo matokeo yasitumiwe nje ya kundi hilo bila tahadhari. Atakayesoma ataona.

Kurudi siwezi. Likizo ya shule imekwisha, nina madarasa ya kufundisha, na wazee nikiwaambia kazi yao haikufaa nitakuwa nimewatukana. Pia, dada, usikasirike. Yawezekana waliopona ni wengi kuliko unavyodhani, kwa sababu aliyepona hana haja ya kuja kwako.

Karwirwa


Embu
14 Agosti 2005

Wifi yangu,

Nimepita! Dkt. Gichovi amesema ni kazi safi, na wale watahini wakali wawili waliotoka Nairobi hawakupata pa kuning'ata. Nimelia chooni kama mtoto.

Matokeo ni mazuri kuliko nilivyotarajia. Karibu wote walisema wanalala vizuri, wanakula, wanafanya kazi, wamesamehe. Nimewaandikia ukurasa mmoja kwa Kiswahili ili nyumbani wajue walichonisaidia. Msomee Mama, na zaidi ya wote msomee Kaka. Nimekuwa nikimfikiria yeye katika kila jedwali. Ajue kwamba watu aliokuwa amewabeba siku ile, na jamaa za wale waliokufa, wamepata nafuu. Nadhani itampunguzia mzigo.

Nakala nyingine nimeipeleka kwa shirika. Walifurahi, wakaniuliza kama nina muhtasari mfupi zaidi, maana wakubwa hawasomi mpaka sura ya tano. Nimewapa.

Karwirwa


Timau
4 Septemba 2005

Wifi,

Hongera sana. Mama aliposikia umepita alipiga vigelegele vinne mpaka ng'ombe wakashtuka, kisha akaniuliza umepita nini.

Nimemsomea Baba Kiende kama ulivyotaka. Alisikiliza mpaka mwisho.

Lakini nina swali. Madam Anab ameanza kufunga vitu vyake kwenye makatoni. Nimemwuliza akaniambia amepata barua. Nimedhani anahamishiwa chumba kikubwa zaidi, maana wewe ulisema ukionyesha kimefaa hawatakifunga. Hebu nijulishe mshauri mwingine anakuja mwezi gani, ili nimwambie Baba Kiende asubiri.

Tunavuna ngano, yaani mashamba makubwa yanavuna na sisi tunatazama.

Ciakuthii


Majengo, Meru
2 Oktoba 2005

Dada Karwirwa,

Salaam. Chumba cha Timau kimefungwa. Barua ya shirika inasema lengo limetimia, watu wamepona, na rasilimali zipelekwe penye uhitaji. Wamenukuu muhtasari wako. Mipaka uliyoiandika sikuiona popote.

Kisha Bile, mwenzangu wa Maua, amepokea barua ile ile, imebadilishwa jina la mahali tu. Yeye alikuwa na madereva wa pickup za miraa, vijana walioona wenzao wakikatwa vipande na ajali barabarani na jioni yake wakarudi kwenye usukani. Hakuna aliyewauliza lolote. Chumba cha huko kwenu Embu nacho kimefungwa. Wamesema uzoefu wa Timau unaonyesha jamii za mlimani hujiponya zenyewe baada ya mwaka.

Sikuandikii ili nikutese. Nina watu waliokuwa katikati ya safari nami, nimewaacha hapo hapo. Mmoja wao aliniuliza kama amefanya kosa.

Kuna mtu wako wa karibu anayehitaji uje. Zaidi ya hapo kiapo changu hakiniruhusu, na hili tu limeshakivunja.

Anab


Timau
13 Novemba 2005

Wifi Karwirwa,

Leo nakuandikia bila utani, na wewe usome ukiwa umekaa.

Kaka yako anaharibika. Haongei hata na Kiende. Mtoto akimletea kitabu cha shule anakipokea, anakishika, anamrudishia. Hataki tena kupita ile njia ya mtoni trela ilipopindukia, anazunguka na mashamba ya ngano, saa nzima zaidi, kwenda tu dukani. Ijumaa bado anaenda kwenye chumba. Wameshaweka mbegu za viazi mle ndani na kufuli mlangoni. Anakaa kwenye lile jiwe la nyuma mpaka wakati wake uishe, kisha anarudi nyumbani. Jirani wamemwona. Mama sasa anajua, na analia.

Utaniuliza kwa nini sikukuambia mapema. Sikukuambia kwa sababu ni mume wangu, na wewe ni dada yake, na mke anayeandika kwa mawifi kwamba mume hafai huko kwetu ana jina lake. Nilidhani Ijumaa zingetosha.

Na kitu kingine. Siku ile ya Kathambi, aliyetolewa na boma letu nilikuwa mimi. Ungetaka aende yeye, akae na Mama Karambu ukuta mmoja? Nilivaa gauni langu la buluu nikasema kwetu ni amani, mume wangu analala usingizi wa mtoto. Mama Karambu alikuwa anasubiri zamu yake nyuma yangu. Ningesema nini mbele yake? Kwamba mtu aliyeendesha ile trela ndiye anayelia kuliko yeye? Na zaidi ya hayo, wifi, ilikuwa mtihani wako. Sote tulijua ni mtihani. Nani anajibu vibaya kwenye mtihani wa mtoto wake?

Sitaki uniambie tulikosea wapi. Nenda kwa wale watu wa shirika. Uwaambie wamrudishe Madam Anab, hata kama ni Ijumaa peke yake, hata kama ni kwa mtu mmoja tu. Mimi sijui kuongea nao. Wewe unajua.

Ciakuthii


Embu
12 Desemba 2005

Wifi,

Nimekwenda. Nimekwenda mara mbili, na mara ya pili nilikataa kuondoka mpaka nionane na mkubwa wao.

Ni mama mpole sana. Nilimweleza kila kitu: jinsi watu walivyochaguliwa, kwamba walijibu ili nipite, kwamba matokeo yangu hayafai hata kwa Timau, achilia mbali Maua. Alinisikiliza, akaniletea chai. Kisha akasema, "Karwirwa, pole. Lakini utafiti wako ni wa maboma yote, na unachoniletea sasa ni mtu mmoja, tena ni ndugu yako. Siwezi kubadilisha mpango kwa mtu mmoja." Nikamwuliza mbona Timau peke yake imetosha kufunga Maua na Embu. Akasema bajeti ya mwaka mpya imeshapitishwa.

Dkt. Gichovi naye anasema kisa kimoja hakiangushi kitabu. Nikitaka kukiangusha nilete utafiti mwingine. Wifi, hayo maneno nimewahi kuwafundisha wanafunzi wangu mwenyewe, na yalionekana ya busara.

Dada Anab amesema atapanda Timau kwa nauli yake baada ya mwaka mpya, kabla hajaanza kazi nyingine Isiolo. Mwambie Kaka hivyo. Mwambie atakuja. Mimi nitakuja naye, shule zikiwa bado hazijafunguliwa.

Ijumaa iliyopita nilivaa joho. Ningekuambia sikulivaa ungejua naongopa. Mama anataka picha, nimeiweka humu. Kama huwezi kuitazama, iweke tu.

Mfunike vizuri. Najua Januari ya huko.

Karwirwa


Embu
19 Februari 2006

Wifi Ciakuthii,

Tangu tumzike Kaka hujaniandikia, na siku ya mazishi ulinipa mkono kama unavyompa mgeni. Sikulaumu.

Nashindwa kufanya kazi. Nikifumba macho naliona lile shamba la ngano, mabua meupe kwa baridi, na mahali walipotuonyesha kwamba alikuwa amelala usiku kucha bila koti. Koti alilikunja vizuri akaliweka kwenye kizingiti cha nyumba. Hilo ndilo linaloniua, wifi, kwamba alilikunja. Nasi tulikuwa tumebakiza siku chache tu kupanda huko na Anab.

Nimeamua kuurudia utafiti wote. Dkt. Gichovi hataki, lakini nitaufanya bila yeye. Nitakuja na debe. Nitaenda mwenyewe nyumba kwa nyumba, wazee wakasirike wakitaka, na nitawauliza wale wanaobaki jikoni. Nikipata ukweli wa Timau nitaupeleka kwa shirika, nitaupeleka magazetini, na kile chumba kitafunguliwa. Naomba nianze na wewe. Nawe pia, si kwa utafiti, uniambie kama Kaka aliacha neno. Uliishi naye siku zile za mwisho. Je, alisema kitu?

Karwirwa


Timau
26 Machi 2006

Karwirwa,

Nimesoma barua yako nikaiweka, nikaisoma tena leo kwa sababu ni Jumapili na mvua imetufungia ndani.

Usije na debe. Sikukatazi kuja kwenu, hapa ni kwa mama yako na kaburi ni la kaka yako. Nakukatalia hilo debe. Kabla sijakujibu nilizunguka mwenyewe, nikawauliza wale wa kisimani kama ukija tena watasema ukweli. Wengine walicheka. Mmoja aliniuliza, "Nimwambie ili iwe nini? Ule mama wa Majengo atarudi?" Nikasema hapana, amepata kazi Isiolo. Akasema, "Basi mimi niko sawa." Nilipita pale kwenye chumba nikitoka huko. Mbegu zimechipua ndani ya magunia na hakuna aliyezitoa.

Mama Karambu alikuja kwangu wiki moja baada ya mazishi. Alikuja peke yake, akapitia nyuma ya nyumba. Nilidhani amekuja kunitukana, nikakaa tayari. Alikaa, akaniambia hajalala kitandani tangu binti yake afe. Hulala kwenye mkeka wa yule mtoto, na mume wake humfokea kwa hilo. Nikamwambia mbona siku ile kwa Mzee Mutugi ulikuwa unang'aa. Akasema alinisikia mimi mbele yake nikisema kwetu ni amani, akaona haya kuwa yeye peke yake ndiye hana. Na mwanamke aliyemfuata alikuwa amemsikia yeye. Ndivyo tulivyoendelea mpaka jioni, kila mmoja akifunga mlango wa mwenzake. Tulilia pamoja siku hiyo, mimi na yeye. Hajarudi tena, na tukikutana sokoni tunasalimiana tu, maana mume wake hapendi.

Umeniuliza kama alisema kitu. Nimekaa na hili tangu Septemba, na sina mtu mwingine wa kumwambia, kwa hiyo nakuambia wewe, na ulibebe upande wako.

Siku ile niliyomsomea ile karatasi yako alikuwa amekaa pale karibu na moto. Nilisoma kwa sauti nzuri, kama tunavyosoma Neno, kwa sababu nilikuwa nakuonea fahari. Nilisoma kwamba wanalala, wanakula, wamesamehe. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akaniuliza, "Wote?"

Nilikuwa naepua sufuria, hata sikugeuka. Nikamwambia, "Wote. Hata Mama Karambu."

Akasema, "Basi ni mimi peke yangu."

Nami nilijua kwamba si kweli, wifi, kwa sababu angalau mmoja kati ya hao nilikuwa mimi, na mimi nilidanganya. Ningesema hapo hapo. Lakini ilikuwa karatasi yako, ya chuo, na nikaona si vizuri kuiharibu mbele yake. Nikamwambia ale kabla chakula hakijapoa.

Alikula.

Ciakuthii